Saa za Wahida

Siku ya kumi na tatu iliangukia Jumatano. Wahida aliamka saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, robo saa tu baada ya mama yake, na nyumba nzima ikajua bila kuambizana kwamba leo chai itanywewa pamoja.

Mtoto hakutazama dirisha. Alikuwa na miaka saba na alikwisha jifunza kwamba mwanga haumwambii kitu. Alikuwa ameamka mara nyingi katika jua kali akaambiwa ni alasiri, na mara nyingi chini ya taa akaambiwa bado sana. Alikaa kitandani, nywele zimemsimama upande mmoja, akaita.

"Bibi, lete mkono."

Bi Kazija, mzaa mama yake, alikuwa ameshavaa buibui na ameshika kikapu. Alirudi kutoka mlangoni, akaketi ukingoni mwa kitanda na kunyoosha kiganja. Viganja vyake vilikuwa vya manjano mpaka kwenye vifundo. Rangi hiyo ilikuwa imezama ndani ya mistari ya ngozi kwa miaka arobaini ya kukanda wazazi. Kila asubuhi alitwanga bizari ya manjano, akaichanganya na mafuta ya nazi, akaipeleka kwenye nyumba ambamo mwanamke amejifungua. Humo humkanda mzazi tumbo, mgongo na kifua kwa maji ya moto, kisha humpaka. Wakandaji wengine wa mji wa Makangaleni walikuwa wamehamia kwenye marhamu za dukani. Yeye hakuhama, na ndiyo maana aliitwa kwanza.

Wahida alikinusa kiganja taratibu, macho kayafumba.

"Mbichi," alisema. "Kumekucha."

"Kumekucha, mwanangu. Na leo una skuli."

"Skuli yenye watoto ndani?"

Bi Kazija alimwambia kwamba leo watakuwamo wote, na mwalimu pia, si kama Jumapili ile walipomkuta mlinzi na kuku wake. Wahida alicheka sana. Alikuwa akiipenda habari ya kuku yule, kwa sababu kuku alikuwa mtu wa kwanza kumkaribisha darasa la kwanza.

Mezani, mama yake, Salhina, aliandika saa ya kuamka kwenye jedwali lake. Alikuwa mhandisi wa vipimo vya tiba, na jedwali hilo alilianza mtoto akiwa na miezi mitano. Siku ya mwili wa Wahida ilikuwa na saa ishirini na sita. Kila siku alichelewa saa mbili nyuma ya dunia. Siku zake kumi na mbili zilikuwa kumi na tatu za watu wengine, kisha akalingana nao kwa asubuhi moja na akaanza kuteleza tena. Salhina alikuwa amejaribu dawa, taa, giza na ratiba ya chakula. Hakuna kilichobadili hata dakika kumi. Baba yake mtoto alistahimili miaka mitatu, akahamia Unguja, na sasa alipiga simu saa ambazo Wahida amelala.

Tangu azaliwe zilikuwa zimepita siku elfu mbili mia tano hamsini na saba. Kwa hesabu ya mwili wake, Wahida alikuwa ameishi siku elfu mbili mia tatu na sitini. Siku mia moja tisini na saba hazikuwa zimemfikia, na hakukuwa na mahali zilipokuwa zikimngoja.

*

Siku hiyohiyo, Dk. Haroub, mkuu wa kitengo cha vipimo, alimwita Salhina ofisini kwake na kumpa orodha. Ilikuwa na watoto arobaini na wanne, wote wa Makangaleni na vitongoji vyake, wote chini ya miaka minane. Siku za miili yao zilikuwa na urefu kati ya saa ishirini na nne na nusu na saa ishirini na saba. Madaktari wa macho wa Unguja walikuwa wamewapiga picha za ndani ya jicho, na matokeo yalikuwa mamoja. Nyuma ya jicho la binadamu kuna chembe chache ambazo hazioni umbo wala rangi. Kazi yake ni kuuambia mwili kwamba jua limechomoza. Katika watoto hao zilikuwa zimekufa.

Wahida alikuwa wa kumi na tisa katika orodha.

"Sikukupa kazi hii kwa sababu yake," Haroub alisema. "Nimekupa kwa sababu sina mtu mwingine anayejua kipimo cha mbeleko."

"Najua."

"Unaweza kukataa."

"Nikikataa utampa nani?"

Haroub alimwambia ana siku kumi, halafu akaongeza, kwa kuwa hakuweza kumaliza mazungumzo bila utani, kwamba akiona neno "takriban" katika ripoti yake atajua ni mgonjwa na atapeleka gari la wagonjwa nyumbani kwake.

Kitu walichoshiriki watoto wote arobaini na wanne kilijulikana mapema. Kila mmoja alivishwa mbeleko ya mwanga wiki yake ya kwanza. Hilo peke yake halikusema kitu, kwani watoto elfu tisa mia mbili na kumi na wanne walikuwa wamevishwa mbeleko kaskazini yote kwa miaka minane. Mbeleko ilikuwa kitambaa laini kilichofumwa kwa nyuzi za mwanga wa buluu. Mtoto hufungwa kuanzia kwapani mpaka mapajani, na utepe mwembamba humfunika macho. Mwanga ule huvunja bilirubini, uchafu wa manjano unaobaki damu ya mtoto mchanga inapojisafisha. Kifuani palikuwa na kijicho kilichotazama rangi ya ngozi, kikakadiria bilirubini kila dakika kumi, na kuongeza au kupunguza mwanga. Namba ikishuka chini ya nane, mbeleko hujizima. Mama hakutakiwa kufanya chochote. Alikatazwa kufanya chochote: mbeleko ikivuliwa zaidi ya dakika ishirini, mfumo ulimjulisha muuguzi, na mwaka wa kwanza wazazi wawili walishitakiwa. Baada ya hapo hakuna aliyeivua.

Sheria hiyo ilikuwa na sababu. Kabla ya mbeleko, kaskazini ilizika wastani wa watoto ishirini na watatu kila mwaka kwa umanjano, bilirubini ikizidi damuni. Walianza kwa kulala sana, wakaacha kunyonya, wakapinda mgongo kama upinde. Walionusurika hawakusikia tena, na hawakuweza kushika kijiko. Mwaka uliopita alikuwa amezikwa mmoja.

Salhina alipanga watoto elfu tisa kwa saa walizokaa chini ya mwanga. Wastani ulikuwa saa hamsini na moja. Wote arobaini na wanne walikuwa wamepita mia moja na ishirini. Wahida alikuwa na mia moja sitini na tatu. Utepe wa macho, basi, ulitosha kwa siku tano. Baada ya hapo mwanga uliopenya ulikuwa mwingi kuliko chembe zile zilivyoweza kustahimili.

Swali likabaki moja. Kwa nini namba za watoto hao hazikushuka?

Siku ya tatu ya uchunguzi alipata faili la mtoto aliyelazwa kwa kuharisha huku amevaa mbeleko. Wodini walimtoa damu kisiginoni. Damu ilisema sita. Mbeleko, saa hiyohiyo, ilisema kumi na nne. Mtu fulani alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu: mashine ya damu ikaguliwe.

Alitafuta kosa kwenye vitambaa na hakulipata. Alitafuta kwenye nyuzi, kwenye betri, kwenye tarehe za kutengenezwa. Siku ya tano alizichapisha anwani za watoto na kuzibandika ukutani kwa mpangilio wa mitaa. Alisimama mbele yake na kikombe cha chai mkononi. Alizijua nyumba zile. Hakuwahi kuingia nyingi ya hizo, lakini alizijua, kwa sababu miaka yote alikuwa akisikia mama yake akirudi na kuzitaja: kwa Mafunda leo, yule mzazi ana maziwa mengi, kwa akina Sabiha, pacha, kwa mwalimu Ngwali, mtoto wa kiume, mweupe kama kitunguu.

Chai ilipoa. Alirudi nyumbani mchana, akachota kijiko kimoja kwenye kinu cha mama yake, akarudi ofisini.

Alijipaka mkono wa kushoto, akasubiri saa moja, akanawa kwa sabuni. Kisha akabana kijicho cha mbeleko kwenye ngozi. Mkono wa kulia: sifuri nukta tano. Mkono wa kushoto: tisa nukta mbili. Alinawa tena. Nane nukta nane. Baada ya kunawa mara tano ilikuwa saba na nusu. Kwa macho, mkono ulionekana safi.

Bizari haikuhitaji kupakwa mtoto moja kwa moja. Ilitosha mzazi apakwe kifuani, na mtoto anyonye, mafuta yakipenya kitambaa.

*

Cheti cha usahihi cha mbeleko kilikuwa ukurasa mmoja. Kilisema kijicho kilijaribiwa kwa watoto mia tatu na kumi, damu na namba zikilingana kwa asilimia tisini na saba. Vipimo vyote vilifanyika wodini, siku ya kwanza na ya pili, kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Wodini wazazi hawakukandwa. Mbeleko ilibuniwa kwa ajili ya nyumbani, na hakuna aliyekwenda kuipima nyumbani, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na umeme wa uhakika wa mashine ya damu.

Chini palikuwa na sahihi. Salhina aliitambua jinsi mtu anavyojitambua katika picha ya zamani. Alikisaini mwaka mmoja kabla Wahida hajazaliwa.

Haroub alisoma rasimu ya ripoti akiwa amesimama. Alipofika mwisho alikaa.

"Kampuni ya mbeleko itaipenda sentensi ya bizari," alisema. "Watasema matumizi yasiyo sahihi, kitambaa hakina kosa. Ukiitoa, utabaki na kitambaa chenye kosa. Watavikusanya vyote ndani ya siku mbili ili wasishitakiwe. Leo kuna watoto sabini na mmoja ndani ya mwanga, Salhina. Mimi nina vitanda sita."

"Nimeandika yote mawili. Kijicho hakitofautishi bizari na bilirubini. Hilo ni kosa la kipimo, na kipimo nilikipitisha mimi. Vitambaa vibaki, lakini kila mtoto atolewe damu siku ya tatu na ya tano. Wauguzi watembee."

"Watakuvua madaraka."

"Ndiyo."

Haroub aligeuza ukurasa wa pili na kuweka kidole juu ya mstari mmoja. Mstari ulisema: kati ya watoto arobaini na wanne, mama wa watoto ishirini na tisa walikandwa na mtu mmoja, ingawa mtu huyo hukanda mzazi mmoja tu katika kila kumi wa mji huu.

"Na hii?"

"Ndiyo ushahidi. Jaribio la mkono wangu ni la mkono mmoja. Bila namba hiyo watasema nimebuni."

"Hukumtaja jina."

"Hakuna haja. Yuko mkandaji mmoja tu anayetumia bizari bado; mama wa wale kumi na watano wengine walipakwa na mabibi majumbani."

Mke wa Haroub alijifungua mara tatu, na mara zote tatu alikandwa na Bi Kazija. Watoto wao walizaliwa kabla ya mbeleko. Haroub alisema polepole kwamba namba hiyo inaweza kukaa katika faili la kitengo, isomwe na watu wanne, na ripoti ya wazi ikasema tu "kundi la wazazi". Salhina alimjibu kwamba amelifikiria hilo. Ripoti ya wazi ingekwenda kwa mabibi wa mji, na mabibi wa mji wangeuliza: kundi lipi? Kila mmoja angejibu kwamba si lake. Bizari ingeendelea kupakwa, na watoto wangeendelea kukaa ndani ya mwanga.

"Unaishi naye nyumba moja," Haroub alisema.

"Nipe mpaka kesho adhuhuri kabla hujaipeleka. Asisikie redioni."

*

Bi Kazija alikuwa uani akipepeta bizari kwenye ungo. Wahida alikuwa amelala ndani, kwa kuwa kwake ulikuwa usiku, ingawa jua lilikuwa juu ya paa. Salhina alivuta kibao cha mbuzi na kukaa mbele ya mama yake. Alieleza kwa mpangilio: kwanza chembe za jicho, kisha saa za mwanga, kisha kijicho, kisha mkono wake mwenyewe. Hakuruka hatua. Aliamini kwamba jambo likielezwa kwa mpangilio humfika mtu likiwa na uzito wake wenyewe, bila kuongezewa. Alipofika kwenye bizari, ungo ulisimama.

Bi Kazija hakuuliza kama ana hakika. Alimjua binti yake.

"Siku ya tatu ya Wahida," alisema, "nilimpeleka dirishani nikamfunua jicho. Nikakwambia macho yake meupe, mvue."

"Uliniambia."

"Ukaniambia nini?"

"Kwamba kitambaa kinajua zaidi kuliko jicho."

"Na kitambaa kilikuwa kikisoma mikono yangu."

Salhina alikubali kwa kichwa. Siku hiyo ya tatu kitambaa kilisema kumi na tano nukta mbili. Namba hiyo aliikumbuka vizuri kuliko uso wa mtoto. Laiti angemvua, mwanga ungeishia saa sabini. Laiti yeye asingekandwa na mama yake, ungejizima wenyewe. Alikuwa amezipiga hesabu njia zote mbili na zote mbili zilitoa jibu moja, mtoto anayeamka asubuhi. Hakuwa amepata njia ya kuligawa kosa hilo likatoka sawa.

"Kwa hiyo nikiacha," Bi Kazija aliuliza, "atarudi?"

"Hapana, Mama. Chembe zile hazizaliwi mara ya pili."

Mama yake aliuweka ungo chini, akaufunika kwa kanga kana kwamba kuna upepo. Akauliza ni wangapi. Salhina akamwambia ishirini na tisa. Ndipo Bi Kazija alipoanza kuwataja. Hakuwataja kwa majina ya watoto, kwani wengi hakuyajua. Aliwataja kwa mama zao, mtaa kwa mtaa, jinsi alivyopita na kikapu chake. Alikunja kidole kwa kila mmoja. Wa kwa Mafunda. Pacha wa Sabiha, wote wawili. Wa mwalimu Ngwali. Alipofika mtaa wa mwisho alirudi nyuma, akahesabu upya, safari hii kwa sauti ya chini zaidi.

"Si ishirini na tisa," alisema. "Ni thelathini. Umemwacha wa Mwanasiti, aliyeolewa Micheweni. Alijifungulia kwa mama yake hapa, nikamkanda mimi, halafu wakaondoka. Nilimwona mtoto huyo harusini mwaka jana. Alikuwa amelala chini ya meza saa nne asubuhi, na watu wanamcheka kwamba mvivu."

Salhina alitoa simu yake na kuandika jina. Hakukosea hata herufi moja. Aliliona hilo na halikumpendeza. Mtoto wa Mwanasiti alitafutwa jioni ile, na kwa saa za kuamka ambazo mama yake aliziandika, akapatikana kuwa na siku ya saa ishirini na tano na dakika arobaini. Orodha ikawa arobaini na watano, na namba ya mtu mmoja ikawa thelathini. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kuisahihisha.

*

Ripoti ilisomwa redioni siku ya Jumanne. Kampuni ilitoa taarifa yenye neno bizari mara sita na neno kijicho mara moja. Vitambaa vilibaki. Salhina alivuliwa mamlaka ya kusaini vyeti na kupewa meza karibu na stoo. Aliona uamuzi huo ni sahihi, akasema hivyo kwa maandishi.

Wauguzi walitembea. Kati ya watoto sabini na mmoja, damu iliwakuta wanane ambao umanjano wao ulikwisha pona na bado kitambaa kiliendelea kuwaka. Walivuliwa. Wawili kati yao walikuwa na saa mia moja na kumi.

Bi Kazija hakungoja redio. Asubuhi iliyofuata mazungumzo ya uani alitoka na kikapu kitupu, akaanza na nyumba alizokuwa akikanda wiki hiyo, kisha nyumba za wale thelathini. Salhina aliyajua hayo kwa watu, kwa sababu mama yake hakusimulia. Inasemekana kila alipoingia alimwomba mzazi maji ya moto na sabuni, akamwosha kifua yeye mwenyewe, akimweleza sababu. Alisema: ni mimi, msimsikilize mtu mwingine. Kwa mwalimu Ngwali hawakumfungulia. Alikaa barazani mpaka adhuhuri, akaondoka. Kwa akina Sabiha walimfungulia, na mama wa pacha akamwambia kwamba miaka sita alikuwa akijiuliza ni dhambi gani aliyotenda, na sasa amejua ni ya nani. Bi Kazija alimjibu ndiyo, akaomba ruhusa ya kwenda.

Nyumbani alinawa. Alinawa kwa ndimu na majivu, kwa sabuni ya kufulia, kwa mchanga. Kisha akagundua, au alikuwa akijua siku zote, kwamba bizari hulikimbia jua. Kila siku alikaa uani viganja vimefunuliwa juu ya magoti. Salhina alipita hapo akienda na kurudi, na kila siku aliona rangi imepungua. Alitaka kumwambia kwamba haisaidii kitu. Ilikuwa kweli, na kwa mara ya kwanza hakuona kama kuwa kweli kunatosha kuifanya isemwe. Kinu kiligeuzwa kifudifudi kando ya kisima.

Katika siku hizo Wahida aliteleza kama kawaida. Aliamka saa kumi na mbili ya jioni, kisha saa mbili ya usiku, kisha saa nne ya usiku. Bibi yake alikaa naye saa zile ambazo mji umelala, kama alivyofanya kwa miaka saba, akimfundisha kusuka ukili na kumjibu maswali. Kwa saa hizo Wahida hakuomba mkono. Mkono ulikuwa wa asubuhi.

*

Siku ya kumi na tatu iliangukia Jumanne. Salhina aliamka saa kumi na moja na dakika hamsini na tano, akaweka maji ya chai jikoni, akaandaa sare ya skuli juu ya kiti. Mkate wa kumimina ulikuwa mezani. Bi Kazija alikuwa ameketi sebuleni bila buibui, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili, sauti ikatoka chumbani.

"Bibi, lete mkono."

Bi Kazija alimtazama binti yake. Kisha aliinuka, akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda. Salhina alisimama mlangoni na kalamu yake. Dirisha lilikuwa wazi, na jua la mwanzo lilikuwa limeangukia mto, bega na shavu la mtoto, jeupe, lisilo na shaka.

Bi Kazija alinyoosha kiganja. Kilikuwa safi, na mistari yake ilionekana kama ya mtu mwingine.

Wahida alifumba macho, akanusa. Akanusa tena, karibu zaidi, mpaka pua ikagusa ngozi. Akafungua macho na kumtazama bibi yake usoni, akitafuta humo kitu ambacho hakukikuta mkononi.

"Bado usiku?"

"Kumekucha, mwanangu," Bi Kazija alisema. "Leo una skuli."

Wahida alifikiri. Watu wazima walikwisha mwambia mambo mengi kuhusu saa, na alijua huwa wanasema ili kumfurahisha. Alikirudisha kiganja cha bibi yake juu ya goti lake kwa upole, akavuta shuka, akajilaza katika jua lile na kufumba macho, akingoja asubuhi.